Baba asema namzika kabla hajafa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 46, kitinda mimba wa watoto wanne, na ndiye niliyebaki na wazazi. Baba ana miaka 79. Moyo wake umechoka kusukuma damu, ana kisukari na anajichoma insulini, na tangu mwaka jana halali bila mashine ya oksijeni. Mama ana miaka 74. Magoti yamemwisha, anatembea na kitembezi, na sikio la kushoto halisikii kitu. Akili yake ni nzima, kunizidi hata mimi. Tunakaa ghorofa ya pili na jengo halina lifti.

Wiki tatu zilizopita umeme ulikatika saa nane usiku, mvua na upepo vimepamba moto. Kilichoniamsha ni mlio wa mashine ya baba ikidai umeme. Nikakimbilia droo ya tochi. Betri zilikuwa zimevuja na kuota unga mweupe, tochi haiwaki. Simu yangu ilikuwa na chaji asilimia 9. Nilipofika chumbani nilimkuta mama amemketisha baba, amemwegemeza kifuani kwake, anamwambia, "Vuta pumzi na mimi, taratibu." Nilimmulika usoni kwa simu. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Jirani wa chini ndiye aliyetuokoa. Tulimkalisha baba kwenye kiti cha mezani, mimi nyuma, jirani mbele, tukashuka ngazi gizani huku kiti kinayumba. Mama alibaki juu. Hospitalini muuguzi akaniuliza baba anatumia dawa zipi. Nikajibu, "Kile kidogo cheupe cha asubuhi, na kile cha njano." Shangazi, nimeishi na vidonge hivyo miaka sita, sikujua jina la hata kimoja.

Baba alirudi nyumbani baada ya siku mbili. Tangu hapo nataka tujipange, lakini kila nikifungua mdomo anasema, "Unanizika kabla sijafa." Kaka yangu mkubwa ananiambia niache kuleta uchuro. Dada zangu wanasema ni sawa, nifanye ninavyoona. Nimenunua mkoba, nimetia bandeji, biskuti na vyakula vya makopo vya wiki nzima. Uko mlangoni. Nikiutazama sijui kama nimefanya jambo la maana au nimejaza vitu tu ili nipate usingizi.

Nianzie wapi?

Binti wa ghorofa ya pili

*

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa usiku ule. Nimeuguza wagonjwa wodini kwa miaka mingi, kisha nikamuuguza mama yangu mwenyewe nyumbani, na nakuambia bila kukupamba: mlivyomketisha baba na kumtoa haraka ndivyo ilivyotakiwa. Mgonjwa wa moyo au mapafu akigeuka rangi midomo, akichanganyikiwa, au akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, hakuna kusubiri umeme urudi. Ni kupiga simu ya dharura au kuondoka.

Sasa huo mkoba uache kwanza. Chukua karatasi na ujiulize swali moja: kikikatika kila kitu, nini kitamuumiza baba mwanzo, na baada ya muda gani? Familia nyingi hujipanga kwa kuhesabu vitu. Wewe hesabu muda. Kwa baba, oksijeni ni suala la dakika. Insulini na sukari ni suala la saa. Vidonge ni siku. Bandeji, ambayo naona uliikumbuka mapema, haimo hata kwenye tano bora.

Anza na dakika. Mashine inayotegemea umeme lazima iwe na mwenzake asiyeutegemea, yaani mtungi wa oksijeni au betri iliyotengenezwa kwa mashine hiyohiyo. Zungumza na daktari wake na wanaowahudumia mashine. Ukipata mtungi, usiridhike kuuona umesimama pale pembeni. Piga hesabu. Mtungi wenye lita 680, ukitoa lita 2 kwa dakika, unakwisha baada ya dakika 340, kama saa tano na nusu hivi. Ukitoa lita 4 ni nusu ya hapo. Andika hesabu ya mtungi wenu kwa herufi kubwa, uifunge shingoni mwa mtungi, ili hata jirani aliyeingia kusaidia ajue mna muda gani. Ufungwe usianguke. Na asiongezewe kasi ya oksijeni kwa kuwa tu anahangaika, ila daktari awe amewaambia hivyo mapema. Kuna wagonjwa ambao oksijeni nyingi huwadhuru.

Nyumba yenye oksijeni haina mshumaa. Naomba ulikazie hili kwa kila anayeingia. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini hufanya nguo, nywele na shuka vishike moto kwa kasi usiyoweza kuizima. Umeme ukikatika watu hukimbilia kiberiti. Kwenu iwe tochi, na tochi iwe inaning'inia kitandani kwa baba na kwa mama, si kwenye droo. Betri zikae nje ya tochi, zimefungwa pamoja nayo kwenye mfuko, zisivujie ndani kama zile.

Kuna atakayewashauri mnunue jenereta. Sikatai, ila kwa ghorofa ya pili mfikirie mara mbili. Jenereta haiwekwi ndani, wala barazani, wala chini ya dirisha. Inatakiwa nje, kama mita 6 kutoka mlangoni na madirishani. Moshi wake una hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo hupanda na kuingia kwa watu waliolala. Jiko la mkaa ndani ya nyumba ni hatari hiyohiyo. Tena ulizia kama kampuni inayowauzia umeme ina orodha ya nyumba zenye wagonjwa wanaotegemea mashine. Nyingine zinayo, na hutoa taarifa kabla ya kukata umeme kwa matengenezo. Mkiandikishwa msidhani ndiyo umeme hautakatika.

Tuje kwenye saa. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyoanza kutumika, kwa aina nyingi, huvumilia nje ya friji kwa siku 28 hivi mradi joto lisizidi nyuzi 30. Soma karatasi ya ndani ya boksi lenu, maana aina hutofautiana. Umeme ukikatika msifungue friji ovyo. Ikibaki imefungwa hushika ubaridi kwa kama saa nne. Insulini isilazwe juu ya barafu moja kwa moja. Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Pamoja nayo ziwepo sindano, kipimo cha sukari na vijiti vyake, na kitu chenye sukari karibu na mkono wa baba. Siku ya vurugu chakula huchelewa, na aliyekwisha kuchoma insulini hawezi kusubiri.

Na hapa nirudi kwenye mkoba wako, kwenye yale makopo. Soma kiasi cha chumvi kilichoandikwa pembeni. Vyakula vingi vya makopo vina chumvi nyingi, na kwa moyo uliochoka chumvi ni maji yanayobaki mwilini: miguu inavimba, kifua kinajaa, pumzi inakata. Ungemwokoa na dhoruba ukamrudisha hospitali kwa chakula cha akiba. Tafuta vilivyoandikwa kuwa havina chumvi ya kuongeza. Maji ya akiba huhesabiwa lita 4 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na ya usafi pamoja, angalau ya siku tatu. Lakini kama daktari amempimia baba maji ya kunywa, kipimo hicho hakibadiliki kwa kuwa ni dharura.

Wasomaji wengine wenye mgonjwa anayesafishwa damu kwa sababu ya figo, kwenu muda huhesabiwa hivyohivyo kwa siku. Ulizeni kituo chenu leo: mkifunga, sisi twende wapi? Tena muulizie chakula cha dharura cha siku ambazo usafishaji umekosekana, kwa sababu wakati huo potasiamu na maji ndivyo vinavyoua.

Sasa vidonge. Usione aibu kwa "kile cheupe". Nilikuwa muuguzi na bado kwa mama yangu nilikuwa natazama rangi. Siku moja mchana nikamwaga dawa zake zote kitandani, juu ya shuka jeupe, tukaanza kusoma maandishi madogo mimi na yeye. Mama akashika chupa moja mkono wa kulia na nyingine wa kushoto, akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Akasema, "Hizi si ndugu tu, hizi ni moja." Kweli. Majina makubwa ya mbele yalikuwa tofauti, jina dogo la dawa chini yake lilikuwa lilelile. Alikuwa amepewa na madaktari wawili, naye alikuwa anameza zote mbili kila siku, na kizunguzungu chake tulikuwa tunakilaumu uzee. Usibabaike ukikuta kitu kama hicho kwa baba, wala usimwachishe mwenyewe. Mpelekee daktari wake swali siku hiyohiyo.

Kwa hiyo kaa na wazazi mezani muandike: jina dogo la dawa, nguvu yake, saa anayomeza, inatibu nini, nani aliiandika. Ongeza dawa zinazomdhuru, magonjwa yake, uzito wake, simu ya daktari, oksijeni lita ngapi kwa dakika. Tarehe juu. Nakala moja mlangoni mwa friji, moja kwenye mkoba ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji, na picha yake kwenye simu za ndugu zako wote. Namba za simu pia ziandikwe kwenye karatasi. Simu yenye asilimia 9 haikumbuki mtu.

Akiba ya dawa iombwe kwa daktari, ya wiki mbili kama inawezekana. Isitengenezwe kwa kuruka siku ili vidonge vibaki. Nimewaona wazee wakifanya hivyo kwa siri, wakidhani wanawapunguzia watoto gharama. Muulize daktari pia ni dawa gani za baba hazikatizwi ghafla. Dawa za kifafa, steroidi kama prednisoloni, na zile za moyo na presha za jamii ya beta-bloka huleta shida kubwa zikikatika kwa siku chache tu. Hizo ndizo za kushika kwanza mkiwa mnatoka. Akiba itumike kwa zamu, ya zamani imezwe, mpya iingie mahali pake.

Mwanangu, sasa nikuulize kuhusu mama. Umeandika maneno matatu tu: "Mama alibaki juu." Mwanamke wa miaka 74, magoti mabovu, sikio moja, peke yake gizani, mumewe ametolewa kwenye kiti midomo imebadilika rangi. Nani alirudi kumwangalia? Sikulaumu, ungefanya nini na mikono miwili. Lakini katika nyumba ya wazee wawili, yule anayeuguza huhesabiwa kama msaidizi, hahesabiwi kama mzee. Mpango wenu uwe na mtu wa mama, anayejulikana kwa jina. Viatu vyake vyenye soli na miwani vikae pale pale miguu inaposhuka kitandani, maana usiku wa dharura vioo huvunjika. Akilalia sikio zima hatasikia kengele ya moto. Kuna kengele zinazotikisa mto au kuwasha taa kali, zitafuteni.

Na ngazi. Kiti cha mezani kilifaa kwa kuwa hakikuwepo kingine, lakini mkiwa wawili gizani mngeweza kuanguka wote watatu. Waombeni watu wa zimamoto wawaonyeshe namna ya kumshusha mtu mgonjwa. Ni kazi wanayoijua vizuri. Muwe na watu watatu wenye nguvu mlioafikiana nao, na angalau mmoja awe na ufunguo wenu. Nasema hivi nikiwaza mchana ukiwa kazini. Mpango unaokuhitaji wewe uwe nyumbani bado haujakamilika.

Likitolewa onyo la mafuriko au dhoruba, ninyi muwe wa kwanza kuondoka, wakati barabara bado ni kavu na baba anaweza kushuka polepole akipumzika kila kituo cha ngazi. Mnakokwenda mpige simu kabla: kuna umeme? kuna kitanda? ni ghorofa ya ngapi? Kumhamisha mgonjwa bila kujua anakoshukia kunaweza kumdhuru kuliko kile mnachokikimbia.

Kaka yako anaita haya uchuro. Mweleze kwa heshima yaliyotokea Puerto Rico. Kimbunga Maria kilipiga Septemba 2017, na hesabu rasmi ya mwanzo ilitaja vifo 64. Watafiti walipohesabu vifo vilivyozidi kawaida hadi Februari 2018, walikadiria 2,975. Wengi hawakufa siku ya upepo. Walikufa wiki na miezi iliyofuata, umeme haupo, huduma zimevurugika, na wazee walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Kimbunga Katrina kilipopiga Marekani mwaka 2005, karibu nusu ya waliokufa Louisiana walikuwa na miaka 75 au zaidi. Wala si lazima kuwe na dhoruba. Agosti 2003 joto kali peke yake liliua watu wapatao 15,000 Ufaransa, wengi wao wazee, na wengi walikuwa peke yao majumbani. Baba yako angekuwa hatarini katika joto kama lile, kwa sababu mzee huchelewa kusikia kiu, na vidonge vya kupunguza maji ambavyo wagonjwa wengi wa moyo humeza huongeza shida. Muulize daktari mapema afanye nini siku za joto kali.

Ukishamweleza, mpe kazi. Usimwambie "tusaidiane", hilo halina mwenyewe. Mwambie: "Kaka, wewe ndiye simu ya usiku, na ndiye mwenye karatasi ya dawa." Dada mmoja, hasa anayekaa mbali, awe ndiye kila mtu anampigia kutoa habari, kwani mara nyingi mitandao ya eneo lenye janga huelemewa, na ujumbe mfupi hupita pale simu ya sauti inapogoma. Dada wa pili ashike dawa na tarehe zake za mwisho.

Nimemwacha baba hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu ndiye mgumu na ndiye mwenye mpango. Fikiria alivyokuona: umeingia na mkoba, umepanga vitu vyake, umeuweka mlangoni. Hajaulizwa neno. Mtu aliyeongoza nyumba maisha yake yote amekuwa mzigo wa kubebwa, na ametajiwa hivyo bila maneno. Mimi pia ningesema unanizika.

Usianze na kifo, wala na mkoba. Nenda kwake asubuhi akiwa amepumzika, ndugu zako wasiwepo, ukae chini kidogo ya kiti chake. Sema ukweli ulio wako: "Baba, usiku ule niliogopa. Nisaidie nisiogope tena." Halafu nyamaza. Akikaa kimya dakika tano, nawe kaa. Baadaye muulize mambo anayoyajua yeye tu. Akibebwa, anaumia wapi? Nani asingependa amguse? Angependa apelekwe wapi, na wapi hataki kabisa? Kitu gani hawezi kuondoka bila hicho? Mama yangu alijibu swali hilo la mwisho kwa kutaja meno yake ya bandia, akaongeza, "Sitazungumza na watu wa zimamoto nikiwa kibogoyo." Tangu siku hiyo kibakuli cha meno kilikaa ndani ya mkoba, na mkoba ukawa wa kwake. Alikuwa akiupekua kila mwezi.

Mpe baba kazi pia. Hesabu ya mtungi afanye yeye. Karatasi ya dawa iandikwe kwa maneno yake, hata kama mwandiko unatetemeka. Akitaka kuzungumzia matibabu anayoyataka na asiyoyataka hali ikiwa mbaya, msikilize, mkayaongee na daktari wake. Asipotaka, usimlazimishe katika mazungumzo haya.

Mkishamaliza, chagueni siku moja, mchana kweupe, kaka yako awepo. Mtungi uunganishwe kwanza na baba awe anapumua vizuri, kisha mzime swichi kubwa ya nyumba na mfunge mapazia. Usimbebe baba, beba kiti kitupu. Baba akae na saa mkononi awahesabie dakika: tochi ilipatikana baada ya ngapi, mkoba, karatasi, ufunguo, mama kufika mlangoni na viatu miguuni. Mtagundua kitu ambacho mimi hapa siwezi kukijua, labda kitembezi hakipiti kwenye ukumbi mkoba ukiwepo.

Niandikie ilichukua dakika ngapi, na baba alisema nini.

Shangazi